Kaya ya Mwisho Kwenye Ubao

Sijawahi kugombana na mtu kama nilivyogombana na ule ubao. Tuliuita ubao, ingawa haukuwa wa mbao wala wa chaki. Ilikuwa programu ya kuendeshea mradi, ikifunguka kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye simu zetu sote. Kila familia ilikuwa na mstari wake, na kwenye mstari kazi zilipangwa zikifuatana: ridhaa ya kaya, kupima kiwanja, msingi, kuta, paa, makabidhiano, kuhamia. Kazi iliyokamilika iligeuka kijani. Ile ambayo zamu yake haijafika ilikuwa ya kijivu, na pembeni yake kufuli dogo. Hilo kufuli lilinizeesha.

Ilikuwa miaka ile dhahabu imepanda bei mpaka kila mwenye sururu Tarime akajiona tajiri wa kesho. Shimo kubwa lilitaka kupanuka, na familia zilizokaa ukingoni zilipaswa kuhama. Mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kuzijengea nyumba upande wa pili wa kilima, naye akaniajiri niwe katikati yake na familia hizo, kwa kuwa nilizaliwa Nyanungu na Kikurya nimekinyonya kwa mama. Kazi yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Leo una mafundi wa kutosha, kesho wameacha kuta zimefika dirishani wamekwenda kuchimba wenyewe, wiki ijayo wanarudi na vumbi masikioni wanaomba waandikwe upya. Hayo niliyavumilia. Fundi akikuudhi unamwambia, naye anakujibu, mnamalizana. Ubao unamwambia nani?

Siyo kwamba sikujua maana ya kazi kufuatana. Kabla ya hapo nilikuwa Mugumu, kwenye mradi wa mabomba ya maji ya Manchira, na huko hukuweza kufukia mtaro kabla bomba halijalazwa. Hata mtoto anaelewa hilo. Lakini mtaro ukikosewa mtaani kama Morotonga, palepale Mugumu, mwenye koleo yuko palepale, anafukua. Kwenye mradi huu mwenye koleo alikuwa Dar es Salaam. Alikuwa mama mmoja tuliyemjua kwa picha yake ndogo ya duara tu, amevaa miwani ya jua. Yeye peke yake aliruhusiwa kubadilisha mpangilio wa kazi. Chini yake alikuwepo meneja wa eneo, kijana wa Dodoma, aliyeruhusiwa kujaza taarifa na kugeuza kazi kuwa kijani. Chini ya meneja tulikuwa sisi wengine, tulioruhusiwa kuona, kupandisha picha na kuandika maoni. Maoni niliyaandika mpaka nikachoka kujisoma. Jibu lilikuwa lilelile: "Asante kwa maoni yako."

Na usidhani lile kufuli lilikuwa la kwenye kioo tu. Mtunza stoo naye alikuwa na simu yake. Ukimwendea kuomba saruji, anaangalia simu kwanza, na kama msingi bado ni wa kijivu hutoki na mfuko hata ungegaragara. "Nitakupaje na imefungwa, dada? Si utaniponza," alikuwa akisema, na kusema kweli hakukosea. Nilimnunia bure.

Kaya zikaendelea kugeuka kijani kwenye ridhaa, mpaka ikabaki moja.

Ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mungu alimpa mabinti, wote wakaolewa wakaondoka. Mtoto wa kiume hakupata, na mumewe alifariki zamani. Basi alifanya kama wanavyofanya akina mama wa kwetu wasiotaka mji wao ufe: alitoa ng'ombe, akaoa. Alimwoa binti wa watu kwa mahari kamili, ukoo ukashuhudia, na watoto waliozaliwa na binti yule wakawa wajukuu wa bibi, wenye jina la marehemu mumewe, warithi wa mji. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Nani aliyewazaa watoto na yule binti, hilo haliulizwi. Linaloulizwa ni ng'ombe walitoka zizi gani, na kila mtu pale alijua walitoka zizi la bibi.

Mkewe alikuwa rika langu, mcheshi wa chinichini, aliyefika darasa la saba na kusoma chochote kilichopita mbele yake, hata karatasi iliyofungia maandazi. Yeye alimwita bibi "mama". Alikuwa na watoto watatu. Katika mji ule kila mwanamke alikuwa na nyumba yake na jiko lake, na jioni ungekuta mioshi miwili inapanda.

Ubao haukuwa na mahali pa kuwaweka watu hao. Ridhaa ilidai mume na mke, vitambulisho vyao na picha yao pamoja. Kama mume amefariki, kaya iliandikwa kuwa ya mjane, na kaya ya mjane haikupokea mtu mzima mwingine. Yaani bibi na wajukuu wangepata nyumba, halafu mama yao afutwe, arudi kwao kama mtu aliyekuja kutembea. Nilimwambia meneja amweke bibi kwenye nafasi ya mume, maana ndiye aliyeoa. Alicheka, kisha akajaribu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Mfumo ukasoma kitambulisho cha bibi na kuandika kwa wekundu: jinsia hailingani.

Nikaandika maoni. Nikaeleza mila yote, tangu ng'ombe mpaka wajukuu, kwa Kiswahili cha mwanafunzi anayetafuta alama. Nikashukuriwa kwa maoni yangu. Nikapiga simu Dar, nikaambiwa nitume kwa maandishi kwenye kazi husika. Nilikuwa nimeshatuma kwa maandishi kwenye kazi husika. Nilikata simu nikaenda kusimama nyuma ya ofisi, nikatukana kwa Kikurya, lugha iliyojaliwa kwa shughuli hiyo.

Kilichozidisha joto ni kwamba watu wa mitambo walikuwa na ubao wao, uliounganishwa na wetu. Kazi yao ya kusafisha eneo, yaani kubomoa nyumba za zamani, ilifungwa mpaka kaya zote ziridhie. Kwa hiyo matingatinga yalisimama yanaota kutu kwa ajili ya bibi mmoja, na kila asubuhi meneja alipigiwa simu ya kuulizwa kulikoni. Hapo ndipo nilipoona kosa lingine, tena kubwa kuliko la kwanza. Aliyepanga kazi zile alifunga ubomoaji kwenye ridhaa, wakati alipaswa kuufunga kwenye kuhamia. Mtu akiridhia kuhama hajahama. Anaridhia leo, na usiku bado analala kwake. Nikaliandika hilo nalo, na jibu lake unalijua.

Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo tu: wale wanawake wawili na watoto wao wawe chini ya paa moja la bati kabla masika hayajaanza, pamoja, kama walivyo. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kenya.

Nikatumwa Mugumu kufuatilia fremu za madirisha zilizokwama kwa fundi wa kuchomelea. Yaliyotokea nikiwa huko nilisimuliwa na mke wa bibi. Meneja alichoka kupigiwa simu, akapanda pikipiki mpaka kwa bibi, akamwambia wanahitaji mwanaume wa kusimama naye kwenye kuandikisha.

"Mwanaume?" bibi akauliza. "Siku zote hizi mlikuwa mnatafuta mwanaume? Mngesema. Nitawaletea."

Akatuma watu Isebania, upande wa Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, kwa mtoto wa mdogo wake wa kike, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Kwa mila zetu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na mtoto wa kiume kusimama na mama yake mbele ya serikali ni jambo la heshima. Bibi alijua analeta shahidi. Kijana naye alijua hivyohivyo. Alifika na haraka zake za kibiashara. "Si mnipee tu nisaini," akasema, "niko na wateja wananingoja." Meneja akawasimamisha pamoja, akawaambia wasogeleane kidogo, akapiga picha. Kisha kwenye kishikwambi akatafuta neno la kumwandika yule kijana. Maneno yalikuwa mawili tu, mume na mke. Kijana alikuwa na ndevu. Meneja akachagua mume, na kwa kuwa kaya sasa ilikuwa kamili, mke wa bibi na watoto wakaingia humohumo kama watu wa nyumbani.

Niliporudi nilikuta mstari umegeuka kijani. Nikaufungua, nikasoma.

"Umemwozesha bibi wa watu kwa mtoto wake," nikamwambia meneja.

"Kwa mtoto wa mdogo wake."

"Kwetu ni mtoto wake. Unajua maana yake lakini? Huo ni mwiko, kaka. Watu hutengwa kwa jambo kama hilo."

"Dada, ni neno tu kwenye kompyuta. Msingi ukianza nalibadilisha. Unataka nyumba ijengwe au hutaki?"

Nilitaka ijengwe. Siku hiyohiyo mtunza stoo akatoa saruji bila neno, na mafundi wakaanza kuchimba. Meneja akarudi kwenye kompyuta kubadilisha neno lake, mimi nimesimama nyuma yake. Kazi ya ridhaa ikagoma kufunguka. Ikaandika kwamba kuna kazi zinazoitegemea ambazo zimeshaanza. Alijaribu tena, akazima akawasha, jasho likamtoka, nikaanza kumwonea huruma bila kupenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Akamwandikia yule mama wa miwani, na kwa mara ya kwanza likaja jibu lenye nyama: "Imepokelewa. Itarekebishwa kabla ya makabidhiano." Nilifurahi kama mjinga. Nikaona hakuna sababu ya kwenda kumwambia mwanamke mzima kwamba mahali fulani ameandikwa mke wa mtoto wake, wakati lenyewe linakwenda kufutwa.

Upande wa mitambo kufuli nalo lilikuwa limefunguka. Kesho yake asubuhi tingatinga lilifika kwa bibi, msingi mpya haujafika hata magotini. Nilikimbia nikasimama mbele ya dereva. Akanionyesha simu yake, kijani, akaniuliza kama mimi ninayo ruhusa ya kuizima. Sikuwa nayo. Tulitoa vyungu na magodoro, bibi akatoa mwenyewe kigoda chake, na nyumba zote mbili zikalala chini kabla jua halijawa kali. Wakajijengea kibanda cha fito na udongo kwenye kona ya kiwanja kipya, wakakiezeka nyasi na turubai, cha kusubiria. Mkewe aliniambia nisikunje uso hivyo, kwamba hata Wana wa Israeli walikaa mahemani. Sikucheka.

Lakini nyumba ilijengwa, hilo lazima niseme. Vyumba vitatu, bati la buluu, jiko la pembeni lenye dohani. Mafundi hawakutoroka hata mmoja. Jioni mke wa bibi alikuwa akiingia, anapapasa kuta, anapima kwa macho kitanda cha nani kitakaa wapi. Kila nilipomwona hivyo nilifungua simu kuangalia kama Dar wamerekebisha. Walikuwa bado. Nikajiambia watarekebisha.

Siku ya makabidhiano lilisimamishwa turubai, wakawekwa viti, wakaja watu wa ukoo na mchungaji. Kijana wa Isebania aliitwa, maana ufunguo hukabidhiwa mkuu wa kaya, naye alikuja amevaa koti, amemletea mama yake mkubwa kilo za sukari. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyesoma kutoka kwenye kishikwambi alichoshikiwa na meneja. Nilimkimbilia meneja, nikamnong'oneza aruke mstari ule. Akasema hawezi kuuruka, ufunguo hautoki mpaka jina lisomwe na kubonyezwa.

Mwenyekiti akasoma jina la kijana. Akasoma "mkuu wa kaya". Akasoma "na mkewe". Akasoma jina la bibi. Yeye mwenyewe ni Mkurya. Alisogeza kioo karibu na macho, akasoma tena moyoni, midomo inacheza. Meneja akabonyeza haraka, ufunguo ukatiwa mkononi mwa kijana. Mchungaji aliangalia viatu vyake.

"Hapana, hiyo imeandikwa vibaya," kijana akasema. "Huyu ni mama yangu. Mama, chukua ufunguo."

Bibi hakuunyoosha mkono. Alisimama, na ile sauti ya kuitia ng'ombe haikuhitaji kupandishwa.

"Mimi sikuolewa na mtoto wangu," akasema. "Mimi hapa ndiye niliyeoa. Mke wangu yule pale." Akamwonyesha kwa fimbo, kisha akaenda zake kibandani, na mkewe na watoto wakamfuata. Kijana alibaki na ufunguo mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Mwishowe akaupachika kwenye kitasa cha mlango, akaondoka bila kunywa hata soda.

Niliandika Dar kwa herufi kubwa, kitu ambacho huwa nawacheka wengine wakikifanya. Jibu lilikuja kwa adabu zote. Baada ya makabidhiano, mwenza hawezi kuondolewa kwenye kaya isipokuwa iambatanishwe hati ya talaka. Wakanifungulia kabisa kazi mpya, "marekebisho ya wanakaya", ya kijivu, na mbele yake kazi nyingine, "hati ya talaka".

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani akaniuliza ndoa ilifungwa wapi, nikamwambia haikufungwa, akaniambia basi hakuna cha kuvunja, nimpishe anayefuata. Nikaenda kwa mzee wa ukoo, nikaamkia, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Talaka ni kurudisha ng'ombe," akasema. "Huyo kijana alileta ng'ombe wangapi, ili turudishe?" Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kusaidia. Nilirudi ofisini kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu. Marekebisho yanangoja talaka, talaka inangoja ndoa, na ndoa haikuwepo. Ningengoja mpaka meno yaote upya.

Masika yakaingia. Kaya nyingine zote zilikuwa zimekwisha kuhamia, na kazi ya kuhamia haikugeuka kijani mpaka ipandishwe picha ya familia mbele ya nyumba yao. Ikabaki picha moja. Meneja alikuwa amepangiwa mradi mwingine, ameshafunga begi. "Nisaidie hiyo picha tu, dada," akaniambia. "Wakiingia wasipoingia, hilo litashughulikiwa baadaye. Mimi nahitaji nifunge."

Nilifika mvua imekatika muda huohuo. Kibanda kilikuwa kinavuja pembe zote. Mke wa bibi alikuwa anachota maji kwa kopo kutoka pale walipotandika godoro, mtoto mdogo amefungwa mgongoni anakohoa. Nyumba ya bati la buluu ilisimama nyuma yake imekauka ndani, ufunguo bado kwenye kitasa, umeanza kutu. Hasira niliyoiona siku ile sikujua nimtupie nani.

"Ingieni tu," nikamwambia. "Nakuomba. Hayo mengine tutayapigania mkiwa pakavu. Huyu mtoto ataumwa."

Aliendelea kuchota.

"Wewe ni wa hukuhuku, nikueleze nini?" akasema. "Nikiingia mle nimekubali kilichosomwa. Mama akiwa mke wa yule kijana, basi ng'ombe walionitoa kwetu ni wa yule kijana. Sasa niambie. Hawa watoto watakuwa wa nani?"

Nilimsaidia kukung'uta godoro.

Bibi akatoka kibandani ameinama, akajinyoosha. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza leo wamenituma nini. Nikasema picha. Ya familia, mbele ya nyumba.

"Piga," akasema.

Akawaita. Watoto akawapanga mbele, mkewe akamweka kushoto kwake, yeye akasimama kulia na fimbo yake, mahali anaposimama baba mwenye mji. Nyuma yao kulikuwa na fito zilizoachana, udongo unaomomonyoka na turubai limejaa maji.

"Bibi," nikasema, "wanaitaka mbele ya ile."

"Umesema mbele ya nyumba. Nyumba yetu ni hii. Piga, watoto wanapata baridi."

Nikapiga. Nikapanda mpaka kwenye jiwe linakopatikana mtandao, nikaipandisha jinsi ilivyo. Nilikuwa naomba ikataliwe. Wallahi niliomba wekundu, niliomba mtu mmoja tu Dar aifungue, aone, aulize hiki nini. Duara likazunguka kidogo, kisha mstari mzima ukawa kijani, mwanzo mpaka mwisho, na simu ikalia mkononi mwangu kwa ujumbe uliotumwa kwetu sote: "Kaya ya mwisho imehamia. Hongereni sana."